Kuzamisha miti kando ya jeti ili samaki wakae: vile inafanywa huku Lamu

Jeti nyingi huku kwetu, ziwe zile za majumba ya Shela na Manda au zile za mbao za vijijini, zimesimama juu ya mchanga mtupu. Unakaa na mshipi wako kutoka alasiri mpaka magharibi, maji mazuri, chambo kizuri, na samaki wanapita tu hawasimami, manake hapo chini hakuna kitu cha kuwasimamisha. Samaki mdogo hakai peupe, akikaa peupe analiwa, na mkubwa hakai mahali mdogo hayuko. Ukiweka mti chini, wenye matawi, mdogo anapata kivuli na pa kujibanza mkondo ukikaza, na baada ya muda matawi yenyewe yanaota chakula.

Jambo hili linafanywa sehemu nyingi za dunia. Marekani watu wenye jeti kwenye maziwa huchukua hata miti ya Krismasi sikukuu ikishapita, wakaifunga matofali wakaizamisha. Japani wavuvi huzamisha mafungu ya matawi ili ngisi waje watage mayai hapo. Lakini ukiiga ya ziwani vile ilivyo utapata hasara, ziwa halina bamvua, yaani zile siku maji yanajaa na kupwa sana, halina mkondo kama huu wa kati ya Amu, kisiwa chenyewe cha Lamu, na Manda, na halina wale wadudu wanaotoboa mbao za baharini mpaka vyombo vyetu lazma vipandishwe juu vichomwe na kupakwa deheni. Kwa hivo haya ninayoandika ni ya bahari.

Kabla hujashika panga kuna kitu kimoja nataka kikae kichwani, manake maamuzi mengine yote yanatoka hapo. Mti unakusanya samaki, kazi ya kuwazalisha haifanyi sana. Tafi, changu, chewa wadogo, wengi wao wamekulia kwenye nyasi za baharini na kwenye mikoko, wewe unawapa tu mahali pa kusimama karibu na jeti yako. Kwa hivo ukikata mkoko ulio hai ili uuzamishe umeharibu malezi ya samaki wale wale unaowataka, na ukivua kila kilichokuja, wiki mbili tatu jeti yako itakuwa tupu kama zamani na umewamaliza hata wale wa jirani.

Ongea na watu kwanza

Bahari si ya mtu mmoja. Hata kama jeti umeijenga kwa pesa zako, maji yale wanapita manahodha, wavuvi wa nyavu, watoto wanaoogelea. Nenda kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya hapo mnapoteremshia samaki, uwaeleze unataka kuweka nini, wapi, na kwa nini. Wao watakuelekeza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, na ikibidi NEMA, mamlaka ya mazingira, manake kutupa vitu baharini ni jambo la sheria hata kama ni mti tu. Usione ni usumbufu. Mzee wa BMU anajua pale nyavu zinapokokotwa, anajua pale mashua hutia nanga usiku, na hayo hutayaona kwa kukaa jeti siku moja.

Kuna mahali hapafai kabisa, hata usiulize. Jeti kuu za mji, hapana, vyombo ni vingi mno. Mkanda, ule mkono wa bahari kati ya Manda na bara, hapana, ile ndio njia ya kwenda Pate na Faza na ni nyembamba tayari. Ndani ya hifadhi ya Kiunga, KWS, shirika la wanyamapori, ndio wenye neno. Na kwa ndugu zetu wa Malindi, ile marine park imekuwa hifadhi tangu 1968 na haivuliwi, kwa hivo mambo ya kuvuta samaki upande ule yasahau, tafuta nje ya mipaka yake.

Jua chini kuna nini na maji ni mangapi

Hapa ndipo watu wanaharakisha na hapa ndipo pa kukaa. Bamvua ya huku maji yanapanda na kushuka kama mita 3 na zaidi, yaani mti unaouona umezama vizuri maji yakijaa unaweza kutoa vidole juu ya maji yakipwa. Kwa hivo kipimo chako ni kimoja tu, maji yakiwa yamekupwa kabisa siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Nenda siku hiyo, chukua bildi, ile risasi ya kupimia kina, kama huna funga jiwe kwenye kamba uliyoitia fundo kila pima moja, uteremshe sehemu kadhaa kuzunguka jeti na uandike.

Unachotaka ni kwamba mti ukishakaa chini, juu ya tawi refu kabisa kubaki maji ya mita 2 au zaidi hata kwenye kupwa kubaya, ili mashua yenye mzigo ipite bila kugusa. Tuseme umepata pima 3, hiyo ni mita 5 na nusu hivi, bas mti wako ukisimama mita 2 na nusu kutoka chini uko salama, umebakiwa na mita 3. Ukipata pima moja na nusu, hapo usiweke kitu, tafuta mbele au uache.

Alafu angalia sakafu. Chukua pondo refu au mtu anayejua kuzama ashuke na miwani maji yakisimama. Mchanga mgumu ni mzuri. Mchanga na matope kidogo pia sawa. Matope laini ambayo pondo linaingia mpaka kiwiko, mti utamezwa. Na kama kuna matumbawe, hata kidogo, au nyasi za baharini, sogea, hapo samaki tayari ana nyumba na kasa ana malisho, ukiangusha zege la kuzamishia mti juu yake umebomoa.

Upande gani wa jeti? Si pale vyombo vinapofunga, si chini ya ngazi, na tafadhali sana si pale watoto wanaporukia. Watoto wa huku kila jeti ni yao, jioni maji yakijaa utawaona wanapiga mbizi vichwa mbele, na tawi lililochongoka chini ya maji linaweza kumuua mtoto. Sina njia laini ya kulisema hilo. Chagua upande ambao hawaruki, mita 5 mpaka 8 kutoka kwenye nguzo za jeti, umbali ambao mshipi unafika bila kurusha sana, alafu waite wale watoto uwaonyeshe kwa kidole wapi kuna mti. Wakijua wao, mtaa mzima umejua.

Mti gani

Mikoko hapana, nimeshasema lakini narudia manake ndio mti wa kwanza mtu wa Lamu anaufikiria, mgumu, mzito, uko karibu. Lamu ndio ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kuukata bila kibali cha KFS, shirika la misitu, ni kosa, na mwaka 2018 serikali ilipofunga ukataji wa miti wakataji wetu wenye leseni walikaa bila kazi. Watu wameumia kwa ajili ya mikoko ile, usiende kuiba boriti usiku uifanye pango la samaki.

Chukua miti inayokatwa kwa sababu nyingine. Mwembe uliopunguzwa matawi shambani, mkwaju ulioanguka, mvinje, mathenge kwa wenzetu wa upande wa Tana, huo ukiutoa umesaidia hata malisho ya watu, chunga tu miba yake. Mkwaju na mvinje ndio napenda zaidi, mbao zake nzito, zinakaa. Mwembe unaoza upesi lakini matawi yake yamesukana vizuri na samaki wadogo wanaupenda, kwa hivo ukichanganya, mmoja mgumu na mmoja mwepesi, ni sawa. Minazi shina lake halina matawi, peke yake haikusaidii kitu.

Usitumie mnyaa hata tawi moja, utomvu wake ni sumu na watu wameutumia kulewesha samaki. Mwarobaini pia uache, unaua wadudu shambani na si kitu cha kuloweka pale viumbe wadogo wanaanzia maisha. Mbao za zamani zilizopakwa rangi au oili chafu, hapana. Na mataira, kuna watu wanayapenda kwa kuwa ni ya bure. Florida kule Marekani miaka ya 1970 walizamisha mataira kama milioni 2 pwani ya Fort Lauderdale wakisema ni nyumba ya samaki, vifungo vikaoza, mataira yakatawanyika yakawa yanapondaponda matumbawe ya kweli, na mpaka miaka hii wamekuwa wakilipa wazamiaji kuyatoa. Mti ukikushinda unaoza. Taira halikusamehi.

Ukubwa, mita 3 mpaka 4 wa urefu unatosha, unabebeka na watu wanne. Pukutisha majani yote, yakienda chini mabichi yanaoza kwa pamoja na kuchafua maji, na pia yanashika mkondo. Vijiti vile vyembamba kama uzi upande utakaotazama jeti vikate, ndivyo vitakavyokula ndoana zako. Upande wa nje viache vyote, ndipo vidagaa vitajificha.

Uzito, na hapa piga hesabu kweli

Mti unaelea, na mkondo unausukuma, hizo ni nguvu mbili. Chukua mti wa kilo 100 wenye mbao za uzito wa kati, ukiuzamisha maji ya chumvi yanausukuma juu kwa nguvu ya kama kilo 45. Sasa wengine wanafunga mawe ya kilo 45 wanasema tumemaliza, lakini jiwe nalo likiingia majini linapungua uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege ina kilo kama 48 nchi kavu, ikiingia baharini inabaki na nguvu ya kama kilo 27 tu. Kwa hivo ndoo mbili ndio kwanza zimeushika mti usielee, hapo bado mkondo wa bamvua haujaja. Zidisha mara mbili na nusu, ndoo 5 kwa mti wa kilo 100. Najua ni nyingi. Mti uliong'oka unaelea nusunusu usiku kwenye njia ya boti, na boti za huku zinakimbia bila taa.

Mawe ya Maweni tunayojengea, yale ya kukata, usiyategemee kwa kazi hii, yana matundu, majini yanakuwa mepesi sana. Piga zege. Sementi 1, mchanga 2, kokoto 4, maji matamu, mfuko mmoja wa kilo 50 utakupa ndoo kama 7. Mchanga nunua kwa wanaouza wa kujengea, usiende kuchota kwenye vilima vya Shela, maji tunayokunywa mjini yanahifadhiwa chini ya mchanga ule. Paka ndoo mafuta ndani, mimina zege, kabla haijakaza zamisha kamba ya nailoni nene, milimita 12 au zaidi, iliyopigwa fundo kubwa upande wa chini na kitanzi kimetoka juu. Acha wiki nzima ukiinyunyizia maji kila asubuhi, alafu igeuze uitoe, ndoo yako umeipata.

Kamba za kumbi ni nzuri kwa bahari manake zinaoza zenyewe, lakini zinaweza kukatika kabla mti haujalowa, kwa hivo kwa kufunga uzito mimi nashauri nailoni, fupi, imebanwa kwenye shina, hakuna mkia unaoning'inia. Wavu mkuukuu usiufunge kamwe, hata kama unaona utasaidia kushika matawi. Wavu chini ya maji unaendelea kuua samaki na kasa miaka na hakuna anayewala.

Ukimaliza kukata mti, kama si haraka, uloweke. Ufunge ufukweni majini wiki mbili tatu hivi, unakunywa maji unakuwa mzito, na siku ya kazi hausumbui. Mti uliokauka juani unapigana na wewe mpaka chini.

Siku yenyewe

Chagua maji mafu, siku ya 7 au 8 ya mwezi, au 21, 22, mkondo unakuwa mdogo. Na chagua kaskazi, maji yametulia na yanaona, wakati wa kusi usijaribu. Mnaanza kazi kama nusu saa kabla maji hayajasimama, ili kile kipindi cha maji kusimama kikukute uko tayari, manake ni kifupi.

Kama nguzo za jeti ni nzima, tumia jeti, ni salama kuliko mtumbwi. Funga kapi kwenye nguzo imara, mti uwe unaelea pale mahali pake umeshikwa na kamba mbili, moja mbele moja nyuma, watu wa kushika wako jeti au kwenye mashua iliyotia nanga. Uelekeo wa mti ni muhimu, ulaze kufuata mkondo, shina na kilele vielekee kule maji yanakotoka na yanakokwenda. Ukiulaza kukingama, kila maji yakijaa na kupwa utakuwa unasukumwa kutoka pande mbili mpaka kamba zikatike.

Funga yale mawe ya zege, matatu upande wa shina na mawili katikati. Teremsha moja moja, kwanza la shina, polepole kwa kapi, mti uanze kuzama upande mmoja, alafu la katikati. Usirushe. Mkitumia mashua mawe yasikae yote upande mmoja, na kila mtu aangalie miguu yake isiwe ndani ya duara la kamba, zege likishaanza kushuka halingoji mtu atoe mguu. Wote wavae jaketi za kujiokolea hata mabingwa, mmoja awe na kisu kikali kiko nje, si mfukoni, na asiwepo mtu yeyote majini mpaka mzigo umekaa chini.

Mti wa kwanza ukishakaa unaweza kuongeza wa pili na wa tatu, acha nafasi kati yao kiasi cha kasa kupita bila kunasa. Miti mitatu iliyokaribiana inakaa na samaki kuliko mitatu iliyotawanyika, ndio uzoefu wa huku.

Tia boya juu, jeupe au la rangi kali, na kamba yake isiwe ndefu mno ikajizungusha kwenye mapanga ya boti. Chukua na simu yako uweke alama ya mahali, na alama za bara pia, mnara huu na mnazi ule, simu inaanguka majini lakini mnara uko pale. Kapeleke habari BMU siku hiyo hiyo.

Baadaye

Bamvua ya kwanza ikipita, shuka uangalie kama umesogea. Kama umesogea hata mita mbili, ongeza uzito sasa hivi, usingoje ya pili.

Siku za mwanzo utaona vidagaa na vitatange. Alafu ukoga unaota kwenye matawi, wadudu wadogo wanashika, chaza wanabandika, na tafi wanaanza kuja kula ule ukoga. Changu wanafuata, na chewa mmoja atachagua lile shimo chini ya shina akalifanya lake. Kolekole na mzia hawakai, wanakuja alfajiri na magharibi kuwinda wadogo, na hiyo ndiyo saa ya kukaa na mshipi. Nakuomba uuache mti miezi miwili mitatu bila kuuvua, hata kama mikono inawasha.

Ukianza kuvua, teremsha mshipi pembeni upande ule mkondo unakoelekea, samaki anakaa kwenye utulivu nyuma ya mti akingoja kinacholetwa na maji. Kamba wabichi au kipande cha ngisi, risasi nyepesi. Ndoana ikinasa usivute kwa hasira kutoka mbali, sogea mpaka uko juu yake, legeza, alafu vuta wima. Malema, ile mitego ya kusuka, weka kando ya mti, si juu yake, utashindwa kuyatoa. Bunduki za kuchomea samaki zimekatazwa na sheria, na hapo kwenye mti ndipo zinapofanya uharibifu mkubwa zaidi, chewa anayejua shimo lake hana pa kukimbilia. Wadogo rudisha. Wa kitoweo chukua, na wiki nyingine upumzishe.

Mti wa baharini haudumu kama wa ziwani, wale wadudu watautoboa, vijiti vyembamba vinaisha kwanza, shina linabaki kidogo zaidi. Kila kaskazi maji yakiwa meupe mtu ashuke atazame. Shina likishakuwa sifongo, kata zile kamba za nailoni uzipandishe juu zote, usiache hata kipande. Mawe ya zege yaache pale pale, yatakuwa yameshaota na yana wakazi wake, na mti mpya ukiwa umeloweka vizuri unaweza kufungwa kwenye vitanzi vile vile kama bado vina nguvu, kazi ya wazamiaji wawili maji yakiwa mafu yamesimama, na mmoja juu ameshika kamba.